Ukungu Pembeni mwa Ushahidi: Uhakiki wa Video ya Wima katika Skrini Pana ya Runinga

Sehemu hii inahakiki mbinu ya uhariri iliyozoeleka katika taarifa za habari za runinga kiasi cha kutotiliwa shaka. Mbinu hiyo ni kujaza pande mbili za video ya wima, iliyopigwa kwa simujanja, kwa nakala ya video hiyohiyo iliyokuzwa na kutiwa ukungu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ukungu huo si pambo tu, bali huongeza katika ushahidi jambo ambalo shahidi hakulirekodi.

Chanzo cha tatizo ni vipimo. Runinga za sasa zina uwiano wa 16:9, ilhali simu iliyoshikwa wima hurekodi kwa uwiano wa 9:16. Katika skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, video ya wima inayoonyeshwa kwa kimo chake chote huchukua upana wa takribani pikseli 607, yaani asilimia 32 ya skrini. Mhariri hubaki na njia tatu: kuziacha pande zikiwa nyeusi, kuikata picha juu na chini hadi ijaze upana, au kutia ukungu. Hasara ya kukata iko wazi, kwani asilimia 32 tu ya picha ndiyo husalia. Hasara ya ukungu imejificha.

Mlipuko wa bandari ya Beirut, Lebanon, wa tarehe 4 Agosti 2020 unadhihirisha jambo hili. Wakazi wengi walikuwa tayari wanarekodi moshi wa moto uliotangulia, wakiwa madirishani, barazani na juu ya mapaa. Walichokielekezea simu kilikuwa kitu kinachopanda. Kwa hiyo, aliyeishika simu wima hakufanya hivyo kwa kutojua kamera. Fremu yake iliafiki umbo la tukio, paa za nyumba zikiwa chini na moshi juu. Sergei Eisenstein aliigusa hoja hii mapema, mwaka 1930 huko Hollywood, alipopinga kupanuliwa kwa skrini kwa mlalo na kupendekeza skrini ya mraba ili utungo wa wima nao upate nafasi.

Video kama hiyo inapotiwa ukungu, maana yake hubadilika. Nakala ya pembeni huenda sambamba na picha ya katikati. Hivyo mwanga wa mlipuko unapotokea, skrini nzima humweka, na vumbi linapotanda, hutanda kutoka ukingo hadi ukingo. Mtazamaji huhisi kwamba mji mzima, kushoto na kulia, umefunikwa. Kamera haikurekodi chochote kushoto wala kulia. Ukubwa wa maafa hayo, yaliyoua watu zaidi ya 200, haukuhitaji kukuzwa. Ulichohitaji ni mtazamaji kujua shahidi alisimama wapi na aliona kiasi gani.

Watetezi wa ukungu wanaweza kudai kwamba pande nyeusi huchosha macho na huifanya picha ionekane pungufu. Dai la kwanza lina uzito katika matangazo ya burudani, ambako raha ya jicho ni sehemu ya lengo. Dai la pili, hata hivyo, linageuka kuwa hoja dhidi ya watetezi wenyewe: picha ya shahidi kwa hakika ni pungufu, na upungufu huo ni sehemu ya ukweli wake. Weusi wa pembeni hukiri kwamba hapo hapakuonekana kitu, ilhali ukungu hukificha kiri hicho.

Kwa hiyo, uhakiki wa video za mashuhuda katika runinga hauna budi kuanzia kwenye kingo, si katikati ya picha pekee. Pale ambapo video inatumika kama ushahidi, pande zibaki nyeusi, au zibebe maandishi yanayotaja mahali na saa ya kurekodiwa, ili mpaka kati ya kilichoonwa na kilichoongezwa usifutike.