“Malaika” kwa Sauti Mbili: Uhakiki wa Kitenzi Kimoja

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili kwa muda mrefu umefanywa kwa kalamu na karatasi. Maneno hunakiliwa, beti huhesabiwa, dhamira hutajwa, kisha hukumu hutolewa, kana kwamba wimbo ni shairi lililokosa mchapishaji. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini husahau jambo la msingi, nalo ni kwamba santuri haina maandishi. Santuri ina sauti, na sauti ni ya mtu fulani, mwanamume au mwanamke, mmoja au wawili. Wimbo “Malaika” ni mfano bora wa hasara inayopatikana jambo hilo linapopuuzwa.

Wimbo huo ulirekodiwa Nairobi na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim naye alidai kuwa aliutunga katika miaka ya 1940, na ubishi juu ya haki ya utunzi haukwisha hata Fadhili alipofariki mwaka 2001. Hapa ubishi huo hauna haja ya kufufuliwa. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni santuri kubwa iliyotolewa Marekani mwaka 1965 na kampuni ya RCA Victor, yenye jina “An Evening with Belafonte/Makeba”, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Okestra iliongozwa na Jonas Gwangwa, mpiga tromboni wa Afrika Kusini. Kati ya nyimbo 12 za santuri hiyo, Harry Belafonte na Miriam Makeba waliimba pamoja mbili tu, na “Malaika” ni mmojawapo.

Kwa msikilizaji wa New York asiyejua Kiswahili, huo ni wimbo wa mapenzi: mume na mke, sauti nzito na sauti nyororo, na ala zinazowapisha wote wawili. Kwa msikilizaji ajuaye lugha, mambo si mepesi hivyo. Wimbo ni kilio cha kijana asiye na mali, ambaye kwa sababu hiyo ameshindwa kumwoa ampendaye. Kikwazo chake si wivu wala usaliti, bali ni mahari.

Sarufi ya Kiswahili haibagui jinsia katika viambishi vya nafsi. Neno “kijana” laweza kuwa la mvulana au la msichana. “Mwenzio” vivyo hivyo. Na “malaika” mwenyewe, neno lililotoka katika wingi wa Kiarabu likawa umoja kwa Waswahili, hutumika pia kwa mtoto mchanga na hata kwa vinyweleo vya mwilini. Katika maneno ya wimbo huu ni kitenzi kimoja tu kinachomtambulisha msemaji kuwa mwanamume, nacho ni “ningekuoa”. Kwa desturi ya lugha mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Jinsia ya wimbo mzima imesimama juu ya mzizi mmoja.

Katika santuri ya 1965 kitenzi hicho hakikubadilishwa. Makeba anayatamka maneno ya bwana harusi aliyeshindwa, sawasawa na Belafonte. Wasemaji wengi wa Kiswahili wameliona hilo kuwa kosa la mgeni asiyeimudu lugha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kwanza, mwimbaji kuvaa nafsi isiyo yake ni jambo la kale katika Uswahilini. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na waimbaji wa taarabu waliomfuata, wameimba tungo za washairi wanaume bila mtu kuona ajabu. Pili, katika muziki wa bendi za Nairobi wa miaka ile ya 1960, ule wa akina Fadhili William, Daudi Kabaka na Nashil Pichen, ilikuwa kawaida sauti mbili za kiume kwenda sambamba zikisema “mimi” mmoja. Uwili wa sauti haukuleta uwili wa wahusika.

Hata hivyo utetezi huo haumalizi shauri. Sauti mbili za kiume zinaposema “mimi”, masikio huzipokea kama mtu mmoja. Mume na mke wanaposimama pamoja jukwaani na jina la kila mmoja likaandikwa juu ya jalada, msikilizaji hutarajia mazungumzo, na mazungumzo hayaji. Malaika anayeambiwa maneno yale yumo ndani ya wimbo, sauti yake inasikika, lakini hana neno lake mwenyewe. Amekopeshwa huzuni ya mchumba wake. Hapa ndipo dosari ya santuri ilipo, na si katika matamshi.

Je, iliwezekana kufanya vingine? Kiswahili kilikuwa na dawa yake. “Ningekuoa” ina mizani mitano. “Tungeoana” nayo ina mitano. Neno la pili lingeingia katika lahani ileile bila kuvunja mapigo, na kauli ya kutendana ingewapa waimbaji wote wawili haki sawa ya kulia. Lakini dawa hiyo ina sumu yake. Katika “ningekuoa” mzigo wa mahari umewekwa begani mwa anayeutoa. Katika “tungeoana” mzigo huo unakuwa bahati mbaya ya watu wawili, na desturi inayodai mali haionekani tena kuwa na mlipaji. Wimbo ungepata usawa ukapoteza ukali. Afadhali basi kitenzi kibaki kilivyo, na mhakiki aseme wazi kwamba uzuri wa santuri hiyo umenunuliwa kwa kimya cha mwanamke.

Suala hili si la maktaba peke yake. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Njiru, iliyo kwenye Barabara ya Kangundo, kijana anayelipa kodi ya chumba na nauli ya matatu kila siku anaijua vizuri hoja ya “Malaika”. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema kuwa pale mahari inapohitajiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu ya mahari yatosha. Sheria imesema hivyo, lakini wazee bado huketi na kuhesabu. Na katika harusi wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa huimbwa mbele ya waliofaulu, watu wakashangilia. Kinachoshangiliwa ni lahani. Maneno yamekwisha kuwa pambo, kama yalivyokuwa kwa wasikilizaji wa New York.

Kama wenye lugha nao wameanza kuusikia wimbo wao kwa masikio ya wageni, kazi ya idara za lugha haiwezi kuishia katika kunakili beti. Santuri hizo zinastahili kufundishwa zikisikika darasani, pamoja na swali ambalo karatasi haiulizi: nani anasema, na nani amenyimwa neno?