Upana wa rimu kwa matope ya Kano

Mvua ya Machi hadi Mei ikishika, barabara za kando za uwanda wa Kano hukaribia kufanana na mashamba ya mpunga ya Ahero yaliyo jirani nazo. Udongo wa huko ni mfinyanzi mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana. Ukilowa huvimba, huteleza, na hunata kwenye tairi mpaka meno yote yanazibika. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda kupita kiwango cha 1964 na Mto Nyando nao ukafurika, gari lenye difu mbili ndilo lililotegemewa kufikisha dawa na unga vijijini. Wenye magari hayo hujadili matairi kwa bidii: meno makubwa au madogo, mapya au mitumba. Rimu huchaguliwa kwa macho tu, na kila mwaka naona inazidi kupanuka. Kwa barabara zetu, naona hapo ndipo tunapokosea.

Tairi hukaa juu ya rimu kwa kingo zake mbili zenye waya ndani, na hewa ndiyo inayozisukuma zibane kwenye midomo ya rimu. Ukiliweka tairi kwenye rimu nyembamba kidogo, mbavu zake hutokeza nje kupita mdomo wa chuma. Jiwe au kisiki kikija kwa pembeni, mpira hupokea pigo kwanza. Ukilitandaza tairi hilohilo kwenye rimu pana, mbavu husimama wima, mdomo wa rimu hubaki wazi, na uso wa tairi hulala bapa. Kwenye lami ya Kisumu kwenda Busia ubapa huo una faida, kwa maana gari hujibu usukani upesi na halilali sana kwenye kona. Nje ya lami hesabu hubadilika, kwa sababu huko ni lazima upunguze presha.

Presha ikishuka, alama ya tairi ardhini hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka, na urefu huo ndio unaolisaidia gari kuelea juu ya matope mazito na mchanga. Lakini hewa ikipungua, nguvu inayobana ukingo nayo hupungua. Kwenye rimu pana mno, ubavu ulionyooshwa huuvuta ukingo kuelekea ndani, mbali na mdomo wa rimu, na kona moja kali yenye matope inatosha kulivua tairi. Rimu nyembamba iliyo ndani ya kipimo huushika ukingo vizuri zaidi. Rimu nyembamba kupita kipimo nayo ni hatari: uso wa tairi huvimba katikati na kulika hapo, na mbavu hupinda kupita kiasi mpaka zinapata joto.

Basi kipimo kinapatikanaje? Kila mtengenezaji hutoa orodha ya rimu anazozikubali kwa kila saizi. Kwa tairi la pikapu la 235/85R16, rimu zinazokubalika ni za inchi 6 hadi 7.5, na tairi lenyewe hupimwa likiwa kwenye 6.5. Kwa 265/75R16 ni inchi 7 hadi 8. Kama huna orodha, gawa upana wa tairi kwa 25.4 upate inchi, kisha chukua asilimia 70: milimita 235 ni inchi 9.25, na asilimia 70 yake inakuleta palepale kwenye 6.5. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, zile pikapu za polisi na za mashirika, zilitoka kiwandani na tairi la 7.50R16 kwenye rimu ya chuma ya inchi 5.5. Wengi huiona rimu hiyo kuwa ya kimaskini. Mimi naiona imepimwa na watu waliojua gari litapita wapi. Ushauri wangu kwa anayeishi Kadibo au Nyakach ni kubaki nusu ya chini ya orodha.

Rimu pana huja pia na tatizo la ofseti, yaani gurudumu linakaa ndani au nje kiasi gani. Rimu ya inchi 10 haiwezi kuingia yote upande wa ndani, kwa hiyo gurudumu husukumwa nje ya madigadi. Uzito huikandamiza beringi kwa mkono mrefu zaidi, usukani hunyakuliwa kila tairi linapogonga shimo, na matope hurushwa mpaka kwenye vioo. Wapo wanaokata rimu ya chuma, wakaongeza ukanda na kuuchomelea. Sikubaliani nao kabisa. Mchomeleo usionyooka huifanya rimu iyumbe, na ukipasuka gari likiwa na mzigo hakuna breki itakayookoa. Kuchomelea rimu iliyo bado na tairi kumeua mafundi, hata pale hewa ilipokuwa imetolewa, kwa sababu joto huzalisha gesi ndani na tairi hulipuka.

Hata hivyo ardhi yetu si ya namna moja. Kwenye barabara ya murram yenye matope mepesi juu, tairi jembamba hukata mpaka kwenye ugumu wa chini na kushika. Ndani ya shamba la Kano, ambako mfinyanzi ni mzito na mguu haupati sakafu, tairi jembamba huendelea kuzama. Hapo 265 kwenye rimu ya inchi 7 yenye presha ya chini itakufaa kuliko 235. Kwenye miteremko ya mawe ya Nyakach, ule mpira uliotokeza nje ya mdomo wa rimu unalipa gharama yake yote.

Kwa malori ya miwa ya Muhoroni na Chemelil yenye matairi pacha nyuma, kila nusu inchi ya rimu hupanua tairi kwa karibu milimita 5. Tairi la 11R22.5 hukaa kwenye rimu ya 8.25. Ukilibadilisha liwe 12R22.5 bila kugusa rimu, pengo kati ya pacha hupungua, na mbavu zikigusana chini ya mzigo husagana na kupata moto. Pima pengo hilo lori likiwa limejaa miwa, upande wa chini ambako matairi yamekandamizwa.