Kutoka "Amsha" hadi "Mwamko": Uhakiki wa Utepe wa Waridi

Alama katika maisha ya watu, sawasawa na istiara katika shairi, haielezwi ikatosha kwa kutaja kile inachokisimamia tu. Sharti iulizwe ilitungwa na nani, ikabadilishwa na nani, na kwa manufaa ya nani. Utepe wa rangi ya waridi, unaovaliwa kila mwezi wa Oktoba kwa ajili ya saratani ya matiti, ni miongoni mwa alama zilizoenea mno duniani, wala miji ya Kenya haikuachwa nyuma. Wengi huuvaa kwa nia njema, na nia yao haina haja ya kutiliwa shaka. Hata hivyo utepe huo una historia yake, na historia hiyo yaonyesha jinsi sentensi iliyokuwa na mtenda, kitenzi na mtendwa ilivyogeuzwa kuwa nomino isiyomdai mtu yeyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Charlotte Haley, mkazi wa California huko Marekani, alianza kutengeneza tepe kwa mikono yake nyumbani kwake. Nyanya yake, dada yake na binti yake walikuwa wamepatwa na saratani ya matiti. Tepe zake hazikuwa za waridi bali za rangi ya chungwa iliyopauka, nazo zilifungwa kwenye kadi yenye maneno machache. Kadi hiyo ilisema kwamba bajeti ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na kwamba asilimia 5 tu ya fedha hizo ndiyo iliyotumika kuuzuia ugonjwa. Kisha ikamwomba msomaji auvae utepe ili asaidie kuwaamsha watunga sheria. Mwaka 1992 jarida la Self, likishirikiana na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder, lilimwomba Haley ajiunge nalo. Alikataa, akisema kwamba shughuli hiyo ilielekea mno kwenye biashara. Wanasheria wa jarida wakashauri itafutwe rangi nyingine, na iliyochaguliwa ikawa waridi. Utepe ukapona, maneno juu ya bajeti na watunga sheria hayakuendelea nao.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nacho ni cha kisarufi kabla ya kuwa cha kibiashara. Kitenzi "amsha" hakikamiliki bila mtendwa: lazima pawe na anayeamsha na anayeamshwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza aliyeamshwa anatakiwa afanye nini. Kadi ya Haley ilikuwa na majibu yote hayo, na kiasi cha fedha juu yake. Nomino "mwamko", hali kadhalika "ufahamu", haina sharti hilo. Mtu aweza kuwa na mwamko akiwa ameketi, asimwamshe mwingine wala asidai lolote. Kampeni za waridi zilijengwa juu ya nomino ya namna hii. Zilimpa kila mtu nafasi ya kushiriki, na kwa sababu hiyo hiyo hazikumgusa yeyote aliyekuwa na madaraka.

Isisemwe kwamba mwamko huo haukuleta faida. Kabla yake palikuwa na kimya kizito, na kimya huua. Mwaka 1974, Betty Ford, mkewe rais wa Marekani, alipotangaza hadharani kwamba amefanyiwa upasuaji wa titi, wanawake wengi walijitokeza kwenda kupimwa. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua, na jamii iliyoweza kulitaja titi lenye ugonjwa bila kuona haya ilikuwa imepiga hatua. Tena yapo mashirika ya hisani yaliyotoa fedha nyingi kwa utafiti. Lakini kuvunja kimya ni mwanzo wa mazungumzo, na mhakiki ana wajibu wa kusikiliza yanayosemwa baada ya kimya kuvunjika.

Yaliyosemwa, kwa sehemu kubwa, yalikuwa lugha ya duka. Mwezi wenyewe wa Oktoba ulianzishwa Marekani mwaka 1985 kwa ushirikiano wa Jumuiya ya Saratani ya Marekani na kitengo cha dawa cha Imperial Chemical Industries, kampuni iliyotengeneza tamoksifeni, dawa ya kutibu saratani ya matiti. Dawa hiyo imewafaa wagonjwa wengi na haistahili kubezwa. Lakini kampuni hiyo hiyo ilitengeneza pia viuadudu na viuagugu. Basi haishangazi kwamba mwezi huo ulizungumza sana juu ya kugundua ugonjwa mapema, na kidogo sana juu ya visababishi vyake.

Baadaye walikuja wauza vyakula. Kampuni ya mtindi ya Yoplait iliwataka wanunuzi wasafishe vifuniko vya waridi na kuvituma kwa posta, nayo ikaahidi senti 10 kwa kila kifuniko, hadi kufikia kikomo ilichojiwekea. Mwaka 2005 stempu ya barua nchini humo ilikuwa senti 37. Aliyetuma vifuniko vitatu alitumia senti 37 ili senti 30 zitolewe. Lau angaliipeleka bei ya stempu hiyo moja kwa moja kwa watafiti, wangalipata zaidi, ila kampuni isingaliuza mtindi. Mwaka 2010 Kentucky Fried Chicken iliuza kuku katika ndoo za waridi na kutoa senti 50 kwa kila ndoo, ilhali unene wa kupita kiasi unajulikana kuwa huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa bidhaa ilitembezwa ikiwa imevikwa huruma, na mnunuzi akauziwa kwa pamoja mlo na dhamiri iliyotulia.

Wapo waandishi walioliona jambo hili tangu mapema. Mshairi Audre Lorde, katika kitabu chake The Cancer Journals cha mwaka 1980, alieleza jinsi alivyokataa kuvaa titi la bandia baada ya kukatwa titi, na jinsi muuguzi alivyomwambia kwamba kutolivaa kungewavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde alitambua kwamba alitakiwa aonekane mzima ili wengine wasisumbuke. Alifariki mwaka 1992, saratani ikiwa imekwisha kuenea mwilini, mwaka ule ule utepe wa waridi ulipozaliwa. Barbara Ehrenreich naye, katika insha aliyoichapisha mwaka 2001 kwenye jarida la Harper's, aliandika juu ya utamaduni unaompa mwanamke mzima midoli na kumtaka achangamke, na ambao huihesabu hasira yake kuwa kasoro ya tabia.

Lugha ya Kiswahili yaweza kutoa mchango wake hapa. Neno "manusura", linalotumika kwa aliyepona saratani, ni la ukoo mmoja na kitenzi "nusuru". Aliyenusurika amenusuriwa na kitu au mtu: daktari, dawa, fedha za matibabu, uchunguzi uliofanyika kwa wakati. Neno lenyewe linamkumbuka mwokozi. Kampeni, kwa upande wake, humwita aliyepona shujaa aliyeshinda vita, na kwa sifa hiyo humweka aliyekufa katika safu ya walioshindwa, kana kwamba alikosa moyo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 670,000 walikufa kwa saratani ya matiti duniani. Ni hesabu kubwa mno kuachwa nje ya msamiati wa sherehe.

Utepe ulipofika Kenya ulikuta hali nyingine. Wagonjwa wengi nchini hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa, na kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ilikuwa ndiyo hospitali ya umma ya pekee iliyotibu saratani kwa miale. Huduma zimepanuliwa tangu wakati huo, lakini umbali, gharama na foleni havijamalizika. Mwanamke wa kijijini aliyekwisha kujishika na kuhisi uvimbe amekwisha kufahamu, mwamko anao. Anachokikosa ni nauli, kipimo cha nyama ya uvimbe, mtaalamu wa kuisoma, na dawa ya kuendelea nayo mpaka mwisho. Kumwambia tena afahamu ni kumtwika yeye deni la wengine. Akifa, itasemwa kwamba alichelewa, wala haitaulizwa ni nini kilichomchelewesha.

Kwa hiyo kipimo cha kampeni yoyote ya Oktoba, iwe Nairobi au New York, kiwe kile alichokiweka Charlotte Haley kwenye kadi yake ndogo. Kila ujumbe uandikwe kama sentensi kamili: nani atoe, atoe kiasi gani, kwa ajili ya nini, na nani awajibike asipotoa. Ujumbe utakaoweza kuyajibu maswali hayo utastahili utepe wowote, wa rangi yoyote. Usioweza utakuwa tangazo la biashara, na wagonjwa wanaolipamba hawatakuwa na sababu ya kulishukuru.