Mafundi wa Ngozi za Kuandikia

Katika Uingereza ya zama za kati, kabla karatasi haijaenea, kitabu kilianzia machinjioni, kwani fundi alichukua ngozi mbichi ya ndama au kondoo, akailoweka siku kadhaa katika maji ya chokaa hadi manyoya yalegee, akayakwangua, kisha akaiwamba kwenye fremu ya mbao. Hapo ndipo penye kazi yenyewe: aliiparuza kwa kisu chenye umbo la hilali, akizidi kukaza kamba kadiri ilivyokauka, na mkono ukiteleza kidogo tu, tundu lilitokea na mwandishi akalazimika kulizunguka kwa maneno yake. Hadithi za Canterbury, kitabu cha zama hizo kuhusu safari ya mahujaji, zinawataja msaga nafaka, mpishi, mfumaji na mtia rangi. Fundi wa ngozi hayumo miongoni mwa mahujaji hao, ingawa nakala za mwanzo za kitabu hicho ziliandikwa juu ya ngozi alizoziparuza yeye.