Mkusanyaji na Wenye Habari: Tazamo Juu ya Desturi za Wasuaheli

Wako wanaodhani kwamba kuzigeuza makala fupi ziwe kitabu ni kazi ya uzi na gundi tu. Makala zikishapangwa na kupewa jalada, basi kitabu kimekwisha. Lakini kila mkusanyaji huamua mambo mawili mazito: habari ipi itangulie na ipi ifuate, na jina la nani libaki juu ya habari hiyo. Jambo la kwanza husifiwa sana na wahakiki. La pili husahauliwa.

Tuchukue mfano wa kale katika nathari yetu. Carl Velten, Mjerumani aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alitoa vitabu viwili vilivyotokana na habari za Waswahili wenyewe: Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Mkusanyaji ni yule yule, na miaka inayovitenga ni miwili tu, lakini njia alizozifuata zimeachana kabisa.

Katika Safari, kila habari husimama na mwenyewe. Selemani bin Mwenye Chande aeleza mwendo wake wa bara; Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo atupeleka Udoe; Salim bin Abakari afika hata Urusi na Siberia. Kama kitabu, umoja wake ni hafifu. Atokaye Udoe na kuingia Siberia hana budi kuanza upya. Hata hivyo, kila neno "mimi" lina mtu nyuma yake, na msomaji ajua ni macho ya nani yanayotazama.

Desturi ni kitabu hasa. Huanza kwa uzazi na malezi ya mtoto, kisha hutupitisha katika chuo, jando na unyago, ndoa, kilimo, pepo, utani na utumwa, na kuambatishiwa desturi za sheria. Mwanafunzi aweza kusoma habari za arusi, kisha akazilinganisha na hukumu za talaka, na sura hizo mbili zikaangazana. Faida hiyo haipatikani katika makala zilizotawanyika, na Velten astahili sifa kwayo.

Lakini gharama yake ni kubwa. Sehemu kubwa ya habari hizo ilitoka kwa Mtoro, na nyingine kwa Waswahili wengine; ndani ya sura zote wamekuwa sauti moja isemayo kwamba watu hufanya hivi na hivi. Tena mengi yanayosimuliwa ni ya Mrima, hasa Bagamoyo na jirani zake, ilhali anwani yabeba Waswahili wote. Msomaji wa Lamu ana haki ya kuuliza kama naye amesemewa.

Huenda mtu akajibu kwamba desturi ni mali ya jamii, haina haja ya jina. Desturi ni ya jamii, naam. Usimulizi wake ni wa mtu. Yeye ndiye achaguaye la kusema, na la kumficha mgeni anayeuliza huku serikali ya nchi ya mgeni huyo ikiitawala pwani. Tazama habari za utumwa. Je, msimulizi alikuwa bwana, mtumwa, au jirani aliyetazama tu? Sura yenyewe haisemi, na pasipo kujua hilo hatuwezi kupima uzito wa maneno yake. Hapa mshono uliofichwa vizuri umeiharibu nguo.

Walimu wanaowatuma wanafunzi kukusanya habari kwa wazee wanalikabili tatizo hili kila mara. Daftari arobaini zikifanywa kitabu kimoja cha shule, kishawishi ni kulainisha kila kitu na kuandika jalada "Mila za Wilaya Yetu". Mimi ningependa kuona tofauti kati ya mzee na mzee zimeachwa palepale, hata kama sura zitagongana.

Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilimzuia Mtoro asishuke Dar es Salaam pamoja na mkewe Mjerumani. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotolewa Marekani mwaka 1981, ililiweka jina lake katika anwani ya kitabu. Wenziwe wametajwa hapo kwa jumla tu, kuwa ni Waswahili wengine.