Kumi na Wanne Darajani: Ziara ya Nchi Tatu Inavyopangwa Kuanzia Kasindi

Kampuni za utalii zinazochukua vikundi vidogo vya wageni kutoka Nairobi kwenda Uganda na Rwanda hufika hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth, huwaonyesha wateja Ziwa Edward, kisha hugeuza gari. Ng'ambo ya maji yale ni Congo, na huko hawavuki. Kinachosahaulika ni kwamba ziara ya namna hiyohiyo hufanywa kwa kuanzia upande wa pili. Watu wa Butembo na Beni, kumi au kumi na wanne, huvuka mpaka Kasindi, hulala Kasese, hufika Kampala na Namugongo. Wenye biashara huendelea hadi Busia na Kisumu, na siku si nyingi wamerudi kwenye maduka yao. Hawana kijitabu chenye picha za simba, wala kiongozi aliyevaa kofia. Wana mtu mmoja aliyekwisha kuipita njia hiyo, na daftari la michango.

Nimeitazama safari hii kama fundi anavyotazama mashine ya mwenzake, na ninaloliona ni kwamba wanaofaulu hawaanzi kupanga kwa kuuliza watu wanataka kuona nini. Wanaanza na daraja la mto Lubiriha, kwa kuwa ndilo linaloamua idadi ya watu, uzito wa mizigo, siku ya kuondoka na hata gari la kupanda. Vivutio hupangwa katika nafasi itakayobaki.

Tuanze na karatasi. Kikundi husafiri kwa karatasi iliyo dhaifu kuliko zote zilizomo ndani yake. Wakaaji wa mpakani wamezoea kuvuka kwa kijikaratasi cha siku moja, ambacho wengi hukiita jetoni, na kwa soko la Mpondwe, ng'ambo ya daraja upande wa Uganda, au ndugu wa Bwera kinatosha. Upande huu ni Wanande, upande ule ni Wakonzo, na lugha ni ileile. Mtu anaweza kuvuka, kununua, kuzika na kuoa bila kuhisi kwamba ametoka kwao. Ndiyo maana kila kikundi huwa na mmoja anayesema, "Mimi navuka kila wiki, pasipoti ya nini?" Jetoni haimfikishi mtu Kampala. Mpangaji mwangalifu hukusanya pasipoti zote mapema, anafungua ukurasa wa tarehe, na yeyote ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita anaambiwa palepale abadilishe au abaki.

Kubadilisha si jambo dogo. Pasipoti ya Congo iliyotoka 2015 iliuzwa dola 185, bei iliyolalamikiwa nchi nzima, na baada ya mkataba wa kampuni iliyoitengeneza kumalizika 2020 ilishuka hadi 99. Kwa familia ya watu wanne hiyo ilikuwa bado gharama kubwa kuliko nauli. Kwa upande wa viza, hata hivyo, mambo yamelegea. Congo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2022, ikatia saini mkataba tarehe 8 Aprili mwaka huo, na tangu Januari 2024 Uganda haiwatozi tena Wakongo ada ya viza. Zamani dola 50 kwa kichwa ziliondoka kabla mtu hajanywa hata chai ya Bwera. Kwa watu kumi na wanne ni dola 700, yaani karibu bei ya kukodi gari kwa siku kadhaa.

Kisha kuna binamu wa Brussels. Sijui kikundi cha Butembo kisichokuwa na binamu wa Brussels, au Montreal, au Paris, anayesikia habari za safari na kutaka kujiunga. Anazungumza Kinande kuliko vijana wa mjini, lakini Katiba ya Congo ya 2006 inasema uraia wa Congo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Akishika pasipoti ya Ubelgiji, Kasindi ni mgeni. Mara nyingi amejinunulia viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014: dola 100, siku 90, kuingia na kutoka atakavyo Kenya, Uganda na Rwanda. Ni viza nzuri, ila ina mtego. Inaishi ndani ya nchi hizo tatu tu. Mwenye nayo akivuka kuingia Kasindi, hata kwa usiku mmoja wa kumsalimia nyanya, imekufa. Akirudi Mpondwe analipa upya.

Dawa yake ni kupanga upya mfuatano wa nchi. Binamu akishuka Entebbe asikimbilie Butembo ili aanze safari na wenzake. Awasubiri Kampala, azunguke nao Uganda na Kenya kwa viza yake ya pamoja, kisha mwishoni avuke nao kwenda nyumbani, akiwa na viza ya Congo aliyoichukua kabla ya kupanda ndege. Njia ya kurudi Entebbe atalipia viza ya kawaida, na hiyo ameihesabu tangu mwanzo. Watu watano wakipangwa hivyo, fedha iliyookolewa inalipa malazi ya kikundi kizima kwa usiku mmoja.

Sasa daraja lenyewe. Busia, kati ya Uganda na Kenya, kuna kituo cha huduma za pamoja mpakani kilichozinduliwa 2018: maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja, unatoka na kuingia katika foleni moja. Kasindi na Mpondwe si hivyo. Unagongewa muhuri wa kutoka kwenye jengo la Congo, unavuka mto, unaanza upya upande wa Uganda. Kabla ya hapo kuna kunawa mikono, kupimwa joto na kuonyesha kadi ya homa ya manjano. Hayo ya afya hayakuwekwa kwa urembo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018 ulivuka hapahapa Juni 2019, katika mwili wa mtoto wa miaka mitano aliyekuwa na familia yake, na ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Hapa ndipo hesabu ya udogo wa kikundi inapokuja. Kwenye barabara, watu kumi na wanne hutumia muda sawa na mtu mmoja, kwa kuwa wamepanda gari moja. Dirishani muda unajumlishwa. Tuseme kila pasipoti inachukua dakika tano: watu kumi na wanne ni saa moja na dakika kumi, na madirisha ni mawili. Kikundi cha thelathini kitatumia saa tano kikiwa kimesimama, na jua litazama kabla hakijafika Kasese. Kumi na wanne pia ndiyo idadi ambayo taksi ya Uganda inaruhusiwa kubeba. Sioni kwamba namba hiyo ilichaguliwa na mtu. Imetokana na dirisha na viti. Siku ni muhimu vilevile. Soko la Mpondwe hujaa Jumanne na Ijumaa, na anayepeleka kikundi darajani siku hizo amejitakia.

Swali linalogawa wapangaji ni gari. Wengine huvuka na gari lao la Butembo, wakidhani wameokoa fedha. Mimi nasimama na wale wanaoliacha Lubiriha, upande wa Congo, wanaovuka kwa miguu na kukuta gari la Uganda likiwasubiri. Kulivusha kunadai kibali cha kuingiza gari kwa muda na bima ya COMESA, ile ya kadi ya njano, ambayo nimesikia watu wakiichanganya na kadi ya chanjo hadi darajani. Kisha kuna upande wa barabara: Congo tunaendesha kulia, Uganda kushoto. Hiace iliyotoka Japani kupitia Mombasa ina mlango wa abiria kushoto, kwa hiyo Uganda watu wanashukia ukingoni salama, na Beni wanashukia katikati ya barabara. Dereva wetu amezoea hilo la pili. Kumpeleka akajifunze la kwanza kwenye mzunguko wa magari wa Kampala ni ukatili. Na kuvuka kwa miguu kuna faida isiyotajwa: kila mtu anabeba alichoweza kubeba. Mabegi ya mama mkwe hupungua yenyewe.

Saa nazo zina hila yake. Congo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na wengi wanalijua hilo, wanarekebisha simu na kuendelea. Wanachosahau ni jua. Kasindi iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua huzama huko mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Ng'ambo ya mto jua lilelile linazama saa inaposoma saa moja usiku. Anayerudi kutoka Kasese akatazama simu na kuona saa kumi na moja na nusu atajisifu kwamba ana mchana wa kutosha. Amebakiwa na saa moja na nusu ya mwanga, na mbele yake kuna madirisha mawili na kilomita 80 za Kasindi hadi Beni, kisha 54 hadi Butembo. Uamuzi wa busara ni kulala Kasese au Bwera na kuvuka asubuhi. Ratiba ya kurudi ihesabiwe kwa jua.

Wala hili si suala la uchovu tu. Kanisa lililipuliwa kwa bomu Kasindi tarehe 15 Januari 2023. Juni 16 mwaka huo wanafunzi waliuawa usiku katika shule ya Lhubiriha, upande wa Mpondwe. Oktoba 17 watalii wawili na kiongozi wao waliuawa ndani ya Queen Elizabeth. Barabara ya Beni hadi Kasindi imewahi kupitwa kwa misafara ya kusindikizwa na askari. Barabara hiyo ni sehemu ya kilomita 223 ambazo Uganda na Congo walikubaliana kuzijenga, na marais wao walizindua mradi Mpondwe tarehe 16 Juni 2021. Lami ikinyooka muda wa safari unapungua, ila haibadilishi kanuni ya kutokuwa njiani baada ya giza. Siwezi kumshauri mtu yeyote apange safari hii bila kuuliza hali ya barabara siku ya kuamkia kuondoka, kwa mtu aliyeipita jana.

Kutoka Kasese hadi Kampala kuna njia mbili, na mpangaji asiyezijua zote mbili bado hajapanga. Ya kaskazini inapita Fort Portal, Mubende na Mityana. Ya kusini inashuka Mbarara, Masaka, kisha Mpigi. Oktoba 2022, kwa sababu ya Ebola, Mubende na Kassanda zilifungwa, watu wakakatazwa kuingia na kutoka. Waliokuwa na njia ya Masaka mfukoni waliendelea na safari. Mei 2023 ikawa zamu ya kusini: mafuriko yalikata daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka, magari yakazungushwa vijijini. Miezi saba tu kati ya tukio na tukio. Nauli iliyokubaliwa na dereva wa Uganda iandikwe kwa njia zote mbili, vinginevyo mjadala wa bei utafanyika kando ya barabara huku watoto wanalia njaa.

Fedha nitazipitia haraka. Faranga za Congo zimalizwe Lubiriha. Dola zina masharti mawili yanayopingana: kwetu noti yenye mchaniko mdogo hukataliwa hata kama ni mpya, Kampala noti ya zamani hukataliwa hata kama ni safi. Basi zichukuliwe mpya na safi, na mtu mmoja ashike mfuko wa pamoja, mwingine aandike.

Namugongo inahitaji neno moja zaidi kwa sababu vikundi vingi vya Jimbo la Butembo-Beni huenda kwa ajili yake. Juni 3 ni siku ya Mashahidi waliochomwa moto mahali hapo 1886, na umati wake hauna mfano katika kanda hii. Anayetaka Misa ile na aende siku ile, akijua kwamba kitanda cha Kampala kinatafutwa wiki kadhaa kabla na kwamba gari litaachwa mbali. Anayetaka kuomba kwa utulivu na kuitazama basilika ile yenye umbo la nyumba ya msonge, achague wiki nyingine yoyote. Kuchanganya nia hizi mbili katika kikundi kimoja ndiko kunakoharibu safari nyingi, na wanaoendelea Kisumu huona upesi nani alikuja kwa lipi. Na kwa hao wanaoendelea, kabla ya Busia mifuko ya plastiki yote ibaki Uganda. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na faini yake inaweza kufika shilingi milioni nne.

Limebaki jambo ambalo vikundi hukwepa kulizungumza nyumbani na kulazimika kulizungumza dirishani: mmoja wao akikataliwa, je? Waliowahi kukwama wanaandika jibu kwenye daftari la michango kabla ya mtu yeyote kulipa. Mmoja aliyetajwa kwa jina anarudi naye hadi Butembo, nauli ya wote wawili inatoka katika mfuko wa pamoja, na wale kumi na wawili wanavuka siku hiyohiyo. Nimeona watu wakisita kutia saini sentensi hiyo, hasa anayetajwa kuwa msindikizaji. Asiyetaka kuitia saini arudishiwe mchango wake angali Butembo.