Neno na Hukumu: Lugha ya Karata za Magic

Wako wanaodhani kwamba uhakiki hauna kazi nje ya ushairi, hadithi na tamthilia. Dhana hiyo ni finyu. Maandishi yo yote yanayodai kutiiwa yanamhitaji mhakiki, tena pengine kuliko shairi. Maana msomaji wa shairi akikosea hupoteza ladha, na msomaji wa sheria akikosea hupoteza haki. Mfano wangu ni karata za mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993.

Katika karata tulizozizoea, sheria hukaa nje ya karata. Shupaza haisemi neno. Katika mchezo huu kila karata huchukua sheria yake kifuani, na kanuni yake kuu ni hii: maneno ya karata yakipingana na kanuni za jumla, karata ndiyo ifuatwayo. Kwa hiyo kila swali juu ya uwezo wa karata ni swali la lugha.

Hatari yake ilionekana mapema. Katika majaribio, karata ya Time Walk iliandikwa kwa kitenzi cha Kiingereza kinachobeba maana mbili, kupoteza na kushindwa. Mwandishi alikusudia kwamba mpinzani apoteze zamu yake ijayo. Lakini maneno yaliruhusu kusomwa kwamba mpinzani atashindwa mchezo zamu ijayo. Karata ilipotolewa, ilisema tu kwamba mchezaji apate zamu moja zaidi. Kiswahili kisingaliingia katika mtego huo, kwa kuwa kina vitenzi viwili.

Lakini tusijisifu upesi. Karata ya Felidar Sovereign, ya mwaka 2009, humpa mwenyewe ushindi mapema katika zamu yake, iwapo ana uhai 40 au zaidi. Tuseme anao 40 kamili. Kabla ya ushindi kutimia, mpinzani anayo nafasi ya kujibu; anatupa Lightning Bolt, na uhai unashuka hadi 37. Je, ameshinda? Hakushinda. Neno “iwapo”, likifuata mara baada ya kutajwa kwa tukio, hupimwa mara mbili: tukio linapotokea, na tena uwezo unapotekelezwa. Sharti likikosekana mara mojawapo, hakuna kitu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopata mtihani wake. Kiambishi -ki- hubeba wakati na sharti pamoja. Tukisema “kiumbe hiki kikifa”, msikiaji hajui kama tunangoja tukio au tunapima hali. Mfasiri wa karata hizi hana budi kuweka -po- kwa tukio na “iwapo” kwa sharti, wala asivichanganye kwa ajili ya utamu wa sentensi.

Wako wanaolalamika kwamba lugha ya karata imekauka kama hati ya mkataba. Siwaungi mkono. Fumbo ni pambo katika shairi. Katika hukumu ni dhuluma. Lawama yangu ni nyingine. Wachapishaji wameweka maneno rasmi ya kila karata mahali pamoja, na mwamuzi hufuata hayo, hata kama karata iliyo mkononi imechapwa maneno tofauti. Faida yake ni kubwa: mwenye chapa ya zamani na mwenye chapa mpya huhukumiwa sawa. Hata hivyo, karata iliyoahidiwa kwamba itajisemea imenyang’anywa ulimi, na mchezaji aliyesoma kwa uaminifu kile alichopewa aweza kushindwa kwa neno asilolitia machoni.

Usawa umenunuliwa kwa bei hiyo. Naona bei yafaa kulipwa, lakini haifai kufichwa. Atakaye kutunga sheria na aulize kwanza maneno yake yanaruhusu nini, ndipo aulize yeye alikusudia nini.